Kosa la Jinai Halimalizwi kwa Mbuzi

Ifuatayo ni mada kuhusu makosa ya kawaida katika vijiji vyetu na adhabu zake kisheria. Ilitolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za sharika. Tunaichapisha kwa ajili ya kamati ambazo hazikuweza kufika, na kwa marafiki wanaotuunga mkono katika miradi.



Najua baadhi yenu mnajiuliza mratibu wa miradi ana nini cha kusema kuhusu polisi na mahakama. Mmenizoea nikizungumzia visima, vitalu vya miti na mbuzi wa maziwa. Mimi si mwanasheria, na mtu mwenye kesi namshauri amwone mwanasheria au msaidizi wa kisheria. Lakini nimeomba nafasi hii kwa sababu ya mbuzi mmoja wa mradi wetu.

Katika kijiji kimoja, mama mmoja alipewa mbuzi jike kwa utaratibu wa kopa mbuzi, lipa mbuzi. Mnaujua: mtoto wa kike wa kwanza anarudishwa ili apewe jirani. Usiku mmoja mbuzi yule aliibwa. Mwano ukapigwa, watu wakatoka na marungu, na kijana mmoja akakutwa na mbuzi kwenye njia ya mtoni. Kulipopambazuka yule kijana alikuwa amekufa. Polisi walikuja wakachukua wanaume sita. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kufika mahakamani. Mmoja alikuwa mume wa yule mama, na mwingine katibu wa kikundi cha wafugaji. Shtaka lilikuwa kuua kwa kukusudia. Dhamana hakuna.

Mwaka uliofuata nilikwenda kukagua mradi. Mabanda kumi na moja niliyoyaacha yamejaa yalikuwa yamebaki mawili. Wake za wale wanaume waliuza mbuzi kwa ajili ya nauli za kwenda gerezani kuwaona mahabusu, chakula cha kuwapelekea, na wakili. Katika taarifa ya wafadhili niliandika kwamba mbuzi waliuzwa kwa mahitaji ya familia. Haikuwa uongo, lakini haikuwa kweli yote. Leo nataka kuisema yote, kwa sababu naamini kama tungelifundishana sheria mapema, mtu mmoja angekuwa hai na sita wangekuwa nyumbani.

Kosa la jinai ni nini?

Ndugu washiriki, tukielewa jambo hili moja, mengine yatakuwa mepesi. Ukimkopesha jirani fedha asilipe, hilo ni dai kati yako na yeye. Mnaweza kukaa, mkaelewana, mkasameheana, na shauri likaisha. Lakini jirani akivunja nyumba yako usiku akachukua baiskeli, sheria inahesabu kwamba ameikosea jamii nzima. Ndiyo maana karatasi ya mashtaka huandikwa "Jamhuri dhidi ya" fulani. Wewe uliyeibiwa unaitwa shahidi.

Kutokana na hilo yanafuata mambo mawili. La kwanza, aliyekosewa hana mamlaka ya kufuta kesi kwa sababu amelipwa au amesamehe. Mwenye mamlaka ya kuondoa mashtaka ni Mkurugenzi wa Mashtaka na waendesha mashtaka walio chini yake. La pili, aliyekosewa hana mamlaka ya kuadhibu. Kuadhibu ni kazi ya mahakama, nayo haiwezi kumtia mtu hatiani mpaka kosa lithibitishwe pasipo kuacha shaka.

Makosa mengi ya kawaida yamo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria zetu. Nitayapitia kwa mafungu.

1. Wizi na jamaa zake

Wizi wa kawaida, ambao haukuwekewa adhabu yake ya pekee, kifungo chake ni hadi miaka 7. Sheria huongeza uzito kulingana na kilichoibwa, aliyeiba na namna alivyoiba. Wizi wa mifugo, yaani ng'ombe, mbuzi, kondoo na wengineo, ni hadi miaka 15. Kuvunja nyumba ya kuishi na kuingia kwa nia ya kutenda kosa ni hadi miaka 14 ikiwa ni mchana. Ikifanyika usiku ni hadi miaka 20. Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna mjadala: kifungo kisichopungua miaka 30. Na silaha si bunduki peke yake. Panga au kisu kinatosha.

Vijana wetu wasikie hili. Anayenyoosha panga ili achukue simu ya shilingi elfu sitini ameingia katika miaka 30, na hakimu hana ruhusa ya kumpunguzia chini ya hapo kwa kumwonea huruma.

Kupokea mali ya wizi nako ni kosa, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 10. Kwa hiyo anayekuuzia simu bila kasha wala risiti, kwa bei ya kutupa, nyuma ya kilabu, anakuuzia na kesi pia.

Sasa niseme la ndani ya nyumba yetu. Mweka hazina wa kikundi, karani, au mtu yeyote aliyekabidhiwa fedha za wengine akizitumia kwa mambo yake, huo ni wizi, tena sheria imeuwekea vifungu vyake kwa sababu mtu huyo aliaminiwa. Akitengeneza risiti za uongo kuficha pengo, ameongeza kosa la kughushi, ambalo adhabu yake ya jumla ni hadi miaka 7. Desturi yetu mnaijua. Tunasema, "Tusilitie kanisa aibu, atarudisha taratibu." Anahamishwa kamati, kisha mwaka unaofuata tunamkuta ameshika sanduku la kikundi kingine.

Sisemi kila upungufu ni wizi. Hesabu zikaguliwe kwanza, na mhusika apewe nafasi ya kujieleza. Kuna mtu asiyejua kuandika daftari, na huyo anahitaji mafunzo. Lakini ukaguzi ukionyesha wizi, kurudisha fedha hakufuti kosa. Mahakama inaweza kukuzingatia inapotoa adhabu, basi. Wafadhili waliopo hapa nawaomba jambo moja. Kamati inayowaletea habari mbaya mapema isiadhibiwe kwa ukweli wake, la sivyo mtakuwa mnatufundisha kuficha.

2. Kupiga, kujeruhi na kuua

Shambulio la kawaida, kama kumzaba mtu kofi, ni hadi mwaka 1. Shambulio lililosababisha madhara ya mwili ni hadi miaka 5. Kumsababishia mtu madhara makubwa, kama kumvunja mkono au kumtoa jicho, ni hadi miaka 7. Wapo wanaodhani anayempiga mke wake hayumo katika hesabu hii. Yumo. Aidha, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya kipigo.

Kuua bila kukusudia adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Kuua kwa kukusudia adhabu yake ni kunyongwa mpaka kufa.

Hapa narudi kwa wale sita. Wengi husema, "Mimi nilimpiga fimbo moja tu." Mwingine husema alishika tochi. Sheria ina kitu kinachoitwa nia ya pamoja. Watu wakiungana kwa jambo lililo kinyume cha sheria, na mtu akafa kutokana na jambo hilo, kila mmoja anaweza kuhesabiwa kuwa ameua, hata kama haijulikani ni fimbo ya nani iliyomaliza. Aliyepiga kelele za "maliza" naye asijihesabu yuko salama.

Tupime basi. Yule kijana angepelekwa polisi, kosa lake lilikuwa wizi wa mifugo, na adhabu ya juu kabisa ni kifungo cha miaka 15. Kijiji kilimpa kifo, kwa kosa ambalo sheria haikuliwekea kifo, bila kumsikiliza. Kisha kikajitwika shtaka zito kuliko lake.

Fungu hili lina jambo la uchawi pia. Katika mikoa kadhaa ya nchi yetu, hasa Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu 1928, inamhesabu kuwa mkosaji hata anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Basi maneno yanayotangulia marungu nayo ni kosa. Mzee wa kanisa anayesikia minong'ono hiyo kwenye msiba asiinyamazie.

3. Makosa dhidi ya watoto na wanawake

Hapa ndipo tunaponyamaza zaidi, na ndipo sheria ilipo kali zaidi. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, adhabu ya ubakaji kwa mtu mzima ni kifungo kisichopungua miaka 30. Ikiwa mtoto yuko chini ya miaka 10, ni kifungo cha maisha. Anayefanya tendo hilo na msichana wa chini ya miaka 18 asiye mke wake hawezi kujitetea kwamba binti alikubali. Kukubali kwake hakuhesabiki.

Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa. Anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, na anayemwoa, kifungo chake ni miaka 30. Na anayesaidia au kushawishi mwanafunzi aolewe anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kufungwa miaka 5, au vyote viwili. Mshenga yumo, na mzazi aliyepokea mahari yumo.

Ukeketaji wa msichana wa chini ya miaka 18 nao ni kosa lenye kifungo cha kati ya miaka 5 na 15, au faini, au vyote pamoja. Ngariba na mzazi aliyempeleka mtoto wote wanaweza kushtakiwa.

Nimewahi kuonyeshwa karatasi moja ya makubaliano. Binti wa darasa la saba alipewa mimba na mfanyabiashara. Familia mbili zilikaa, zikakubaliana ng'ombe wawili na mbuzi mmoja wa kuondoa aibu. Karatasi ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri, ina tarehe, ina sahihi. Shahidi wa tatu alikuwa mjumbe wa kamati ya usharika wetu mmoja. Nilipomuuliza alinijibu kwa moyo safi kabisa: "Mratibu, nilikuwa napatanisha." Hakujua kwamba kupokea mali ili kosa kubwa la jinai lifichwe au lisishtakiwe ni kosa jingine. Hakujua kwamba jina lake pale chini lilikuwa ushahidi. Ng'ombe walikwenda kwa baba. Binti hakupata hata kwato, na shule aliacha.

Niongeze habari njema. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi katika shule za mfumo rasmi. Kamati ikiona binti amekaa nyumbani ananyonyesha, kazi yake ya kwanza ni kuzungumza na wazazi na mwalimu mkuu ili arudi darasani.

4. Mkosaji akiwa mtoto

Si kila aliyekosea anafaa pingu. Mtoto wa chini ya miaka 10 hahesabiwi kuwa na hatia ya jinai. Mwenye miaka 10 hadi 12 ni lazima ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa anatenda kosa. Na kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 kesi yake husikilizwa na Mahakama ya Watoto, na hapewi adhabu ya kifungo gerezani. Anaweza kuwekwa chini ya uangalizi wa ofisa ustawi wa jamii au kupelekwa shule ya maadilisho. Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa au cha ubatizo ni karatasi ya maana sana siku hiyo. Wachungaji, daftari zenu za ubatizo zinaweza kumwokoa mtoto asilale na watu wazima mahabusu.

Hata mtu mzima, kosa likistahili kifungo kisichozidi miaka 3, mahakama inaweza kumpa huduma kwa jamii chini ya sheria ya mwaka 2002. Anafanya kazi za umma bila malipo na kulala nyumbani kwake.

Tufanye nini basi?

Mtu akikamatwa akitenda kosa mbele yenu, sheria inamruhusu raia kumshika. Inamtaka pia amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kama kituo ni mbali, mtendaji wa kijiji aitwe mara moja, na wazee wawili au watatu wakae karibu na mtuhumiwa mpaka achukuliwe. Ninyi wazee mnaheshimiwa. Kusimama kwenu kati ya mtu na kundi kunaweza kuokoa maisha.

Mtu akijeruhiwa, apate tiba. Fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, ni muhimu kwa ushahidi, lakini asiachwe avuje damu kwa kutafuta karatasi. Aliyebakwa asioge wala kufua nguo alizovaa, na apelekwe hospitali haraka, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72. Kwenye vituo vingi vya polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa habari za mtoto anayeteswa, simu namba 116 hupigwa bila malipo.

Ndugu akikamatwa, mjue haki zake. Kwa makosa mengi anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 kama hakupewa dhamana polisi. Dhamana haiuzwi. Anayedai fedha ili aitoe anadai rushwa, nayo rushwa ni jinai kwa anayetoa na anayepokea. Makosa machache hayana dhamana, yakiwemo kuua kwa kukusudia na unyang'anyi wa kutumia silaha. Tangu mwaka 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, inayowatambua wasaidizi wa kisheria wanaowahudumia wasio na uwezo. Kila kamati ijue wa wilaya yake ni nani na anapatikana wapi.

Na msamaha je?

Swali hili huulizwa kila mara, na ni swali jema. Je, kanisa liache kupatanisha? Hapana. Sheria yenyewe inaacha mlango. Kwa shambulio la kawaida na makosa madogo ya binafsi, mahakama inaweza kuhimiza wahusika wapatane na kulipana fidia. Ugomvi wa mipaka, matusi ya kilabuni, deni lisilolipwa, haya tuyapatanishe kwa nguvu zote. Lakini ubakaji, mauaji, unyang'anyi na mimba ya mwanafunzi havimo katika mlango huo.

Aliyeibiwa anaweza kumsamehe mwizi kwa moyo wote na bado akaenda mahakamani kusema kweli. Anaweza kumtembelea gerezani na kumpelekea sabuni. Msamaha ni wake, autoe. Kesi si yake, asiifiche. Na hasira pia si hakimu, isishike rungu.

Hitimisho

Napendekeza kila kamati ikirudi nyumbani ifanye mambo matatu kabla ya mkutano ujao. Kwanza, iandike ukutani namba ya simu ya kituo cha polisi, ya mtendaji na ya msaidizi wa kisheria. Pili, iweke katika kumbukumbu zake kwamba hakuna mjumbe atakayetia sahihi makubaliano ya kumaliza kosa la jinai kubwa, kwa fedha wala kwa mifugo. Tatu, mada hii isomwe katika vikundi vyote vya miradi, hasa vya wafugaji, kabla mbuzi mwingine hajakabidhiwa.

Mwezi uliopita nilipita tena katika kijiji kile. Wawili kati ya sita wamerudi. Yule mama bado anamngoja mumewe. Nilimuuliza kama angependa kupewa mbuzi mwingine. Akanijibu kwamba anataka, ila kwanza tuwaite wanaume wa kitongoji chote tuwaambie cha kufanya siku mbuzi akiibwa. Semina hii, ndugu zangu, ni ombi lake.